Nyumba, Jina na Kibao: Uhakiki wa Maandishi ya Ukumbusho, kwa Mifano ya Migori na Homa Bay

1. Utangulizi

Kibao cha ukumbusho ni utungo. Maneno yake ni machache, mtunzi wake hatajwi, na aghalabu husomwa na mtu aliyesimama juani akiwa na haraka ya kuingia ndani. Hata hivyo kina fani na maudhui, kina dhamira, na kina msimamo juu ya nani alitenda na nani alitendewa. Uhakiki wa Kiswahili, uliokwisha kushughulikia utenzi, riwaya, tamthilia, methali na hata maandishi ya kanga, kwa kiasi kikubwa umekipita kibao hiki kana kwamba ni kazi ya fundi wa chuma tu.

Makala haya yanakusudia kukisoma kibao kama inavyosomwa kazi nyingine ya lugha. Swali linaloulizwa ni hili: nyumba ya wakati wa ukoloni inapohifadhiwa, maneno yaliyo mlangoni pake yanamkumbusha nani, juu ya nani, na kwa sarufi gani? Kaunti za Migori na Homa Bay, zilizo kusini ya eneo la Nyanza, zimechaguliwa kuwa uwanja wa hoja kwa sababu moja. Hapa pana desturi ya kale ya kuziita nyumba na maboma kwa majina ya watu, na pana desturi nyingine, ya kale vilevile, ya kuiacha nyumba ife na mwenyewe. Desturi hizo mbili zikiwekwa karibu na kibao cha makumbusho, upungufu wa kibao huonekana waziwazi. Na upungufu wa desturi zenyewe huonekana pia.

2. Fani ya kibao

Kibao cha nyumba ya kikoloni hufuata kanuni inayotabirika. Kwanza huja jina la nyumba, kisha mwaka, kisha kitenzi katika kauli ya kutendwa, kisha jina la mtu mmoja pamoja na cheo chake. Mwishoni huja jina la idara inayoihifadhi. Kiini chake ni sentensi ya namna hii: "Nyumba hii ilijengwa na fulani mwaka fulani." Lugha yake aghalabu ni Kiingereza, na pale inapotafsiriwa kwa Kiswahili muundo huohuo huhamishwa bila kubadilishwa.

Kiswahili lakini kina njia pana zaidi. Kutokana na shina moja la "jenga" hupatikana "jengwa", "jengea" na "jengesha". Aliyeshika mwiko na timazi alijenga. Aliyetoa amri na fedha alijengesha. Na yule ambaye kazi ilifanywa kwa ajili yake alijengewa. Haya si mapambo ya sarufi. Ni kumbukumbu ya mahusiano ya kazi iliyowekwa ndani ya viambishi. Kusema kwamba mkuu wa wilaya alijengewa nyumba na mafundi na wabebaji ni kusema jambo moja. Kusema kwamba nyumba ilijengwa na mkuu wa wilaya ni kusema jambo jingine, na jambo hilo la pili, likipimwa kwa haki, si kweli.

Yumkini atatokea mpinzani akasema kwamba hata katika mazungumzo ya kila siku mtu husema "Juma amejenga" akimaanisha kwamba Juma amegharimia ujenzi. Pingamizi hili lina uzito. Lakini mazungumzo hayo hufanyika kati ya watu wanaomjua Juma, wanaomjua fundi, na pengine walikula pamoja siku nyumba ilipoezekwa. Muktadha huyajaza yale yaliyoachwa na kitenzi. Kibao huandikwa kwa ajili ya mgeni, na husomwa baada ya mashahidi wote kufariki. Hakina muktadha wa kukisaidia ila maneno yake yenyewe. Kwa hiyo kinachosameheka mdomoni hakisameheki kwenye chuma.

Ifahamike pia kwamba neno "makumbusho" lenyewe limetokana na kauli ya kusababisha: kukumbuka, kukumbusha, makumbusho. Makumbusho si mahali panapokumbuka. Ni mahali panapowafanya watu wakumbuke. Basi pana mtendaji na pana mtendewa, na mhakiki ana haki ya kuuliza ni nani.

3. Nyumba mbili: Karen na Kapenguria

Mfano unaojulikana zaidi nchini Kenya ni nyumba ya Karen Blixen iliyo chini ya vilima vya Ngong. Ujenzi wake wa mwaka 1912 huhusishwa na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren. Karen na mumewe Bror Blixen waliinunua pamoja na shamba mwaka 1917. Mwaka 1931, baada ya shamba la kahawa kushindwa, Karen alirudi kwao Denmark. Kitabu chake juu ya shamba hilo kilitoka mwaka 1937. Serikali ya Denmark iliikabidhi nyumba kwa Kenya kuwa zawadi ya uhuru, na mwaka 1986, mara baada ya filamu iliyotokana na kitabu kuonyeshwa duniani mwaka 1985, nyumba ilifunguliwa kuwa makumbusho.

Mfuatano huo wa miaka unaeleza mengi. Nyumba hii haikuhifadhiwa kwa sababu ya mawe yake wala kwa sababu ya kazi iliyofanyika shambani. Ilihifadhiwa kwa sababu kuna kitabu, na kitabu kilipata filamu. Mgeni huingia chumbani akiwa amekwisha kusoma au kutazama. Kibao kinamthibitishia tu kwamba amefika. Kwa maneno mengine, nyumba imekuwa picha ya ndani ya kitabu.

Katika shamba hilohilo waliishi Wakikuyu wengi waliokuwa wakilima vipande vya ardhi kwa malipo ya kufanya kazi kwa mwenye shamba. Shamba lilipouzwa walitakiwa kuhama, na Blixen mwenyewe, katika miezi yake ya mwisho, aliisumbua serikali ya kikoloni mpaka wakapewa mahali pa kukaa pamoja. Jambo hilo linamletea heshima. Lakini nyumba zao hazipo. Zilikuwa nyumba za wakati wa ukoloni kwa kipimo chochote cha kalenda, zilisimama juu ya udongo uleule, na baadhi ya waliokaa humo ndio waliolima kahawa iliyolipia nyumba kubwa. Neno "nyumba ya kikoloni" limezoeleka kutumiwa kwa ile kubwa tu. Huu ni ufinyu wa maana ambao mhakiki wa lugha hana budi kuukataa.

Kapenguria inatoa mfano ulio kinyume. Makumbusho yaliyofunguliwa huko mwaka 1993 yanahifadhi vyumba vya mahabusu vinavyohusishwa na kesi ya mwaka 1952 na 1953 ya Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Ramogi Achieng' Oneko. Majengo ni ya serikali ya kikoloni, lakini hayakuhifadhiwa kwa jina la aliyeyaamuru. Yamehifadhiwa kwa majina ya waliofungiwa ndani. Hapa sarufi imegeuzwa: mtendewa amekuwa kiima. Hii ni hatua kubwa, na inaonyesha kwamba kanuni ya kibao si sheria ya maumbile. Inaweza kubadilishwa pale nchi inapotaka.

4. Thimlich Ohinga: jina lililo kibao

Kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, si mbali na Macalder, mahali ambapo jina la kigeni limebaki kutoka machimbo ya wakati wa ukoloni, pana maboma ya mawe yaitwayo Thimlich Ohinga. Katika Dholuo "ohinga" ni boma la ukuta wa mawe, na "thimlich" hutajwa kuwa msitu mzito wa kutisha. Kuta zake zimepangwa kwa mawe yasiyochongwa, bila udongo wala chokaa ya kuyashikamanisha. Zina kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.2, na unene wa kati ya mita 1 na mita 3. Maboma haya yalianza yapata karne ya 16. Mahali hapo palitangazwa kuwa ukumbusho wa taifa mwaka 1981, na mwaka 2018 paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Si pa pekee: maboma ya namna hiyo katika eneo la ziwa upande wa Kenya yamehesabiwa kuwa zaidi ya 500, mengi yakiwa yamebomoka.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni la tarehe. Desturi ya kujenga na kukaa katika maboma hayo ya mawe iliendelea katika eneo hilo mpaka katikati ya karne ya 20. Maana yake ni kwamba katika miongo yake ya mwisho ohinga nayo ilikuwa makazi ya wakati wa ukoloni. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, inapofasili kitu cha kale kinachohamishika, huuweka mwaka 1895 kuwa mpaka. Na huo ndio mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Afrika ya Mashariki. Mpaka huo unarahisisha kazi ya ofisi, lakini unazoesha fikira kuamini kwamba mambo ya Waafrika yako upande wa kale, na mambo ya Wazungu yako upande wa historia. Boma lililojengwa zamani na kukaliwa siku za mkuu wa wilaya linaukanusha mgawanyo huo.

Isitoshe, serikali ya kikoloni yenyewe ilizitambua nyumba hizo mapema, na kwa njia yake. Kanuni za kodi ya kibanda za mwaka 1901 zilihesabu nyumba, si watu. Katika boma la Kijaluo, ambamo kila mke ana nyumba yake, mume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu za kutozwa. Kwa hiyo nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, na ile ya nyachira, mke wa pili, ziliingia katika daftari la serikali miaka mingi kabla ya jengo lolote kuwekewa kibao. Maandishi ya kwanza ya dola juu ya nyumba za eneo hili yalikuwa hesabu ya kodi.

Jambo la pili ni la majina. Maboma manne makubwa ya Thimlich yanaitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Muundo wake ni ule wa Dholuo wa kutanguliza "ka" mbele ya jina la mtu: ka Ochieng', ka Kuku, ka Oketch, ka Oluoch, huku irabu ya "ka" ikimezwa na ile ya jina linaloanza kwa irabu. Maana yake ni "kwa Ochieng'", "kwa Oluoch", sawa na Kiswahili kinapoita mahali Kwa Mtoro. Muundo huohuo umeenea katika majina ya sehemu kubwa zaidi. Karachuonyo, mathalani, ni kwa Rachuonyo.

Tofauti kati ya "Kochieng" na "ilijengwa na Ochieng'" si ndogo. Jina hilo halidai kwamba Ochieng' aliinua mawe. Linasema tu kwamba hapa palikuwa kwake: hapa alikaa, na aliyemtafuta alimkuta hapa. Ni jina la ukaazi, si la umiliki wa sifa. Fauka ya hayo, halihitaji chuma wala mchoraji. Hubebwa na vinywa vya majirani. Bethwell A. Ogot alipoandika historia ya Wajaluo wa kusini, iliyotoka mwaka 1967, masimulizi ya koo ndiyo yaliyokuwa hazina yake. Majina ya aina hii ni sehemu ya hazina hiyo.

Hata hivyo uhakiki hauna budi kuwa wa haki pande zote. Majina hayo manne ni ya waliokaa baadaye. Maboma ya Thimlich yamekaliwa kwa nyakati mbalimbali na wasemaji wa lugha za Kibantu na wa lugha za Kiniloti, na majina ya waliopanga mawe ya kwanza hayamo katika jina lolote kati ya hayo. Vilevile majina ni ya wanaume, ilhali nyumba zilizokuwa ndani ya boma zilikuwa za wake, na ndio waliokandika na kupaka kuta zake. Basi hata jina la mdomo lina wasiosemwa. Ubora wake juu ya kibao ni kwamba linadai machache zaidi.

5. Nyumba inayokufa

Katika desturi ya Kijaluo nyumba ya mtu ina uhai unaofungamana na wake. Juu ya paa husimama osuri, mti mrefu uliochongoka. Mwenye mji akifariki, mti huo huondolewa. Wana hutoka kwenda kuanzisha miji yao, na baada ya muda mahali pa zamani huwa gunda, yaani hame. Gunda haliwekewi kibao. Hulimwa, kwa kuwa udongo wake umerutubishwa na mifugo na majivu ya miaka mingi, na hutajwa pale ukoo unapothibitisha haki yake juu ya ardhi.

Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo akiikuta nyumba ya afisa wa kikoloni imepakwa rangi, imeezekwa upya, na vitanda vimetandikwa kana kwamba mwenyewe atarudi jioni, ana haki ya kustaajabu. Si kwamba hajui thamani ya ukumbusho. Kwake nyumba iliyokataa kufa ni jambo lisilo la kawaida, na kumbukumbu ya kweli imo katika kaburi, katika gunda na katika jina.

Lugha ilichukua nafasi kubwa katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, iliyotikisa Kenya tangu kifo chake mwezi wa Desemba 1986 hadi mazishi yake huko Nyalgunga, Siaya, mwezi wa Mei 1987. Miongoni mwa hoja za upande wa ukoo ilikuwamo ile ya kwamba marehemu alikuwa na nyumba Nairobi lakini hakuwa na mji huko. Dholuo hutenga "ot" na "dala". Na Kiswahili, ingawa "nyumbani" limetoka katika "nyumba", kinajua vizuri kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba mahali pasipo kwao. Kibao cha makumbusho hakina nafasi ya tofauti hiyo. Huandika "nyumba ya fulani" hata pale ambapo fulani alikuwa mpangaji wa serikali aliyekaa miaka miwili akahamishwa.

6. Rusinga na Gendia

Katika kisiwa cha Rusinga, kaunti ya Homa Bay, limo kaburi la Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930 na kuuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jengo lililo juu ya kaburi lina umbo la risasi. Ni vigumu kupata ukumbusho mwingine nchini unaosema waziwazi namna hii bila neno hata moja. Kibao cha kawaida kingesema "alifariki". Umbo hili linasema "aliuawa". Pia linafuata mantiki ya mahali: kinachohifadhiwa ni pa kulala marehemu kwao, si nyumba aliyokaa mjini. Lakini Rusinga na Mfangano ni visiwa vya Wasuba, ambao lugha yao imekuwa ikipungua mbele ya Dholuo kizazi baada ya kizazi. Anayesema kwamba ukumbusho uandikwe kwa "lugha ya mahali" anapaswa kueleza ni lugha ipi, na ya nani. Hali ni hiyohiyo Migori, ambako Wakuria nao wana lugha yao.

Huko Gendia, katika Karachuonyo, misheni ya Waadventista ilianzishwa mwaka 1906 na Mkanada Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo aliyetoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Carscallen alitunga sarufi ya Dholuo, na hapo Gendia kikaanzishwa kiwanda cha kuchapa maandishi. Kwa idara ya lugha mfano huu uko karibu mno. Sarufi nayo ni jengo, na jalada lake ni kibao. Jina moja huandikwa hapo. Nyambo hutajwa wa pili, au hatajwi. Na wasemaji waliokaa na mgeni siku nyingi wakimrekebisha matamshi na kumpa mifano hawana jina. Mwanaisimu anayekilaumu kibao cha nyumba kwa kusema "ilijengwa na" aangalie kwanza jinsi historia ya taaluma yake inavyosema "sarufi iliandikwa na".

7. Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu, hukumu ya makala haya si kwamba nyumba za kikoloni zibomolewe. Nyumba ikibomolewa, ushahidi wa kazi ya waliochonga mawe yake hupotea pamoja na fahari ya aliyeikalia. Kinachotakiwa ni kuandika upya maneno yake, kwa kufuata mambo matatu.

Kwanza, kitenzi kiseme kweli. Palipojengeshwa pasemwe palijengeshwa, na jina la aliyejenga litafutwe. Likikosekana, kazi yake itajwe: fundi mwashi, seremala, mbeba mawe, mfungwa wa jela ikiwa ndiye. Pili, kibao kitaje makazi yaliyoizunguka nyumba kubwa, hata kama hayaonekani tena, kwa sababu kutoonekana kwake ni sehemu ya historia ya nyumba hiyo. Tatu, lugha zipangwe kwa haki. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na imeipa dola wajibu wa kulinda lugha za wananchi. Kibao kilichosimama Migori kwa Kiingereza peke yake hakikiuki adabu tu; kinakwenda kinyume cha mwelekeo wa katiba.

Pale Kochieng maneno yanaweza kuwa machache kabisa: "Hapa ni kwa Ochieng'. Wake walikuwa na nyumba zao ndani ya ukuta huu. Waliopanga mawe ya kwanza walikuja kabla yake, na majina yao hayakubaki." Sentensi hizo hazimpi mtu yeyote sifa isiyo yake, na mtoto wa shule wa Nyatike atazisoma mwenyewe bila mkalimani. Wataalamu wa lugha ndio wenye ujuzi wa kuziandika. Wakiiacha kazi hiyo mikononi mwa fundi wa chuma, wasishangae nyumba zikiendelea kusema kwamba zilijengwa na watu ambao hawakuwahi kushika mwiko.